Barua ya wazi: kuoana ghali, kuachana ghali zaidi

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Sheria na Mambo ya Katiba,
Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Uganda.

KUH: GHARAMA ZA NDOA NA TALAKA KWA WENYE KIPATO KIDOGO

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wasaidizi wa sheria na washauri wa familia tunaofanya kazi Tororo, Busia na vijiji vya Busoga. Haya tunayoyaandika tumekwisha kuyapeleka kwa faragha, kwenye ofisi ambayo hatutaitaja. Barua ya kwanza iligongwa muhuri wa kupokelewa. Ya pili haikupata hata muhuri. Leo tunaandika hadharani, na kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha inayowakutanisha mezani dereva wa lori wa Malaba, muuza samaki wa Majanji, Mteso, Mjapadhola na Musamia bila kuhitaji mkalimani.

Sheria ya Talaka tunayoitumia ni ya mwaka 1904. Inauliza nani amezini, nani amekuwa mkatili, nani amemtelekeza mwenzake. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba iliondoa ubaguzi uliokuwamo, pale mume alipotakiwa kuthibitisha uzinzi tu na mke uzinzi na jambo jingine juu yake. Hilo lilikuwa jema. Lakini wanaofika kwetu hawaanzi na uzinzi. Wanaanza na ada ya shule, shamba lililokodishwa bila wao kujua, ng'ombe wa mahari wanaodaiwa, pesa zilizotumwa zisionekane zilikokwenda. Uzinzi huja baadaye, mara nyingi ukiwa umepandishwa juu ya deni. Malalamiko yetu ni haya.

1. Ndoa ya kimila haijulikani inakamilika lini.

Sheria ya kuandikisha ndoa za kimila inawapa wanandoa miezi sita, tangu sherehe zikamilike, wafike kwa msajili wa gombolola (ngazi ya utawala chini ya wilaya) na mashahidi wasiopungua wawili. Kwenye karatasi ni rahisi. Kwenye maisha, mahari hulipwa kidogo kidogo: ng'ombe wawili mwaka huu, mmoja baada ya mavuno mazuri, mbuzi wa shangazi akibaki ahadi. Je, miezi sita inaanza kuhesabiwa siku ya kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kwa wazazi wa bibi harusi, au siku ng'ombe wa mwisho anapoingia zizini? Karani wa gombolola ana jibu lake, ukoo wa bibi harusi una lake. Kijana asiye na ng'ombe wa mwisho anaambiwa hajaoa, ingawa ana watoto watatu na mke anayelima kwa mama mkwe kila msimu.

Halafu kuna gharama ya kwanjula yenyewe. Tenti, viti, mapambo, gomesi (magauni ya sherehe) za mashangazi, kanzu, gari la kuwabeba wasemaji, kreti za soda, sukari, chumvi, sabuni, mbuzi, na jogoo wa shemeji ambaye hakosekani. Msemaji siku hizi hukodiwa kama mwanamuziki. Vikao vya harusi husaidia, marafiki huahidi na wengine hutimiza, lakini pengo hubaki na huzibwa na mkopeshaji wa mtaani. Tuchukue mkopo wa shilingi 3,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ambayo si ajabu huko mitaani. Riba peke yake ni 300,000 kila mwezi. Kwa miezi sita ni 1,800,000, na deni lenyewe halijaguswa. Dhamana huwa logbuku, kitabu cha umiliki wa pikipiki. Pikipiki ikichukuliwa, mume anakaa nyumbani mchana kutwa bila kazi, na anayekaa nyumbani mchana kutwa bila kazi hugombana na kila mtu. Kwa nyumba za namna hii, ugomvi wa kwanza ulishonwa ndani ya gomesi za siku ya furaha.

Wengi wanaona haya yote na kuamua kuishi pamoja tu. Wanapanga chumba, wanazaa, wanasema watahalalisha baadaye. Makanisa mengine huwadai barua ya wazazi wa bibi harusi kabla ya kufungisha ndoa, na wazazi hawatoi barua kabla ya mahari. Mlango wa kanisa nao umefungwa kwa ufunguo wa ng'ombe. (Kuna pia makanisa yanayofungisha bila leseni. Wanandoa hao wana picha na keki, cheti kinachotambulika hawana.)

2. Mahari bado inarudishwa, hukumu ipo.

Tarehe 6 Agosti 2015, katika kesi iliyoletwa na MIFUMI, shirika la kutetea haki za wanawake la hapa Tororo, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba kudai mahari irudishwe ndipo ndoa ya kimila ivunjwe ni kinyume cha Katiba. Mahari yenyewe haikupigwa marufuku. Huu ni mwaka wa ngapi tangu hukumu hiyo? Vijijini ng'ombe bado wanahesabiwa. Jina ndilo limebadilika: siku hizi wanaita kurudisha heshima, au gharama za mwanaume.

Hesabu yake ni hii. Ng'ombe watano, kila mmoja akithaminiwa shilingi 1,500,000, ni 7,500,000. Mwanamke anayeuza nyanya sokoni akibaki na faida ya 10,000 kwa siku, na asile wala asivae, atahitaji siku 750. Kwa hiyo harudi kwao. Baba yake alikwisha kuuza ng'ombe wawili kwa ada na mmoja kamuolea kijana wake. Naye atamshauri binti avumilie, kwa upole, akitazama chini. Huyo baba si mtu mbaya, ila ng'ombe hawapo.

Kinachokosekana ni chombo cha kuipeleka hukumu kijijini. Wajumbe wa LC1 (halmashauri ya kijiji) na LC2 (halmashauri ya muluka, yaani vijiji kadhaa) wanaokaa kusikiliza madai haya hawajapewa hata ukurasa mmoja wa maelekezo kwa lugha wanayoisoma. Sheria ya Mahakama za Halmashauri ya 2006 inawapa mamlaka juu ya migogoro ya kimila, ikiwamo ya hadhi ya mwanamke katika ndoa. Wanatumia walichokirithi kwa wazee wao kwa sababu hawajaletewa kingine.

3. Ridhaa ya mke katika ardhi hufa pale ardhi isipokuwa na hati.

Sheria ya Ardhi ya 1998, kwa marekebisho ya 2004, inakataza kuuza, kuweka rehani au kukodisha ardhi ya familia bila ridhaa ya mwenzi iliyotolewa mapema. Mwenzi anaweza hata kuweka zuio kwenye hati. Vizuri sana. Lakini zuio huwekwa kwenye hati, na ardhi ya kimila ya vijijini kwetu kwa sehemu kubwa haina hati. Utaliweka wapi, kwenye mti wa mwembe?

Nendeni Busoga muone miwa inavyofanya. Muwa wa kwanza huchukua miezi 18 hivi hadi kukatwa. Mwanaume anasaini na mnunuzi au anakodisha ekari zote mbili, anapokea pesa kwa mkupuo. Shamba la mihogo, viazi na maharage linaondoka siku trekta linapoingia. Kwa miezi 18 mama ananunua chakula alichokuwa akikichimba nyuma ya nyumba, kwa pesa asiyoipata, kwa sababu pesa ya miwa hulipwa kwa mwenye jina. Pesa ya mkupuo ina tabia yake: inanunua pikipiki, inanunua redio kubwa, na mara nyingi inaleta mke wa pili. Tukiulizwa ni mwezi gani kesi za kutelekezwa huongezeka, tunajibu: tazameni malori ya miwa.

Upande wa mikopo, Sheria ya Rehani ya 2009 inamtaka mkopeshaji ahakikishe kama mkopaji ana mwenzi na kupata ridhaa yake kabla ya kuchukua nyumba ya familia kama dhamana. Njia ya kuikwepa ni mbili, na kila mtu anazijua. Ya kwanza: barua ya mwenyekiti wa LC1 inayosema mkopaji hana mke. Ya pili: mwanamke mwingine anakuja kusaini kama mke, na hakuna anayelinganisha jina na kitambulisho cha taifa. Mke halisi anajua siku dalali anapobandika tangazo la mnada mlangoni. Na kama ndoa yake haikuandikishwa popote (rudini namba 1), hana karatasi ya kuonyesha kwamba ridhaa iliyohitajika ilikuwa yake.

4. Pesa za Uarabuni.

Hapa ndipo sheria imeachwa mbali kuliko kwingine kote, kwa hiyo mtuvumilie tukae kidogo.

Mwanamke anaondoka kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za ndani, mkataba wa miaka miwili. Mshahara unaojulikana ni riyali 900 kwa mwezi. Kwa shilingi 950 kwa riyali hizo ni 855,000, na kwa miezi 24 ni 20,520,000. Tuseme anatuma 500,000 kila mwezi kwa mume: baada ya miaka miwili ametuma 12,000,000. Inatosha kiwanja cha futi 50 kwa 100 pembezoni mwa mji na msingi wa nyumba ya vyumba viwili.

Sasa tazameni agrimenti, yaani mkataba wa mauzo, ya kiwanja hicho. Ni karatasi ya daftari, imechanwa katikati, imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Muuzaji fulani, mnunuzi fulani, bei, mipaka (mashariki kwa fulani, magharibi barabara), mashahidi wanne, muhuri wa LC1. Mahali pa mnunuzi pana jina la mume peke yake. Anayelipa yuko Riyadh anapiga pasi. Hakuna mahali kwenye karatasi ile panapouliza pesa imetoka wapi.

Anarudi, anamkuta mwanamke mwingine kwenye nyumba. Anakuja kwetu na simu. Tunamsaidia kuomba orodha ya miamala ya pesa za simu, na orodha inakuja: tarehe, kiasi, jina la mpokeaji. Haisemi ni ya saruji. Mume anaiambia mahakama kwamba ile ilikuwa ya chakula cha watoto na ada, na kweli sehemu ilikuwa ya chakula na ada. Pesa iliyopitia mkononi mwa wakala wa tatu, au iliyobebwa na rafiki aliyerudi likizo, haionekani kabisa.

Mwaka 2013, katika kesi ya Julius Rwabinumi dhidi ya Hope Bahimbisomwe, Mahakama ya Juu ilisema mali ya mwenzi mmoja haiwi ya wawili kwa sababu tu wameoana. Fungu la kila mmoja hutegemea mchango wake, na mchango si lazima uwe pesa taslimu. Kulea watoto, kupika na kulima vinahesabiwa. Hiyo ni kanuni nzuri kwa mwenye cheti na wakili. Asiyeweza kuthibitisha ndoa hana talaka ya kuomba. Anabaki kudai kama mtu yeyote aliyechangia kununua kitu, na mzigo wote wa ushahidi ni wake. Kazi ya mikono aliyoifanya nyumbani miaka kumi kabla ya kupanda ndege haimo hata kwenye orodha ya simu.

Mkopo wa muluka nao una mwendo huohuo. Mpango wa Maendeleo ya Muluka ulipozinduliwa Kibuku mwaka 2022 uliahidi shilingi 1,000,000 kwa kaya kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Kaya! Mke anasaini, mume anakwenda sokoni kununua mbuzi, mbuzi wanauzwa Krismasi, wawili wanaachana Februari shule zinapofunguliwa. Deni linabaki kwa aliyesaini. Fomu haina swali hata moja kuhusu kitakachotokea kaya ikigawanyika.

5. Matunzo ya watoto yanaamriwa kwa mwezi, watu wanapata pesa kwa siku.

Mahakama ya Familia na Watoto inaweza kuamuru mzazi atoe matunzo. Tatizo ni umbo la amri. Shilingi 150,000 kila mwisho wa mwezi ni amri ya mtu mwenye mshahara. Mwendesha boda, mbeba mizigo wa mpakani, mvuvi: hakuna siku hata moja katika mwezi anayoshika 150,000 zikiwa zake. Mwezi wa kwanza analipa nusu, wa pili anakimbilia Kampala, wa tatu namba ya simu haipatikani. Amri hiyohiyo ikiandikwa 5,000 kwa siku, au 35,000 kila Jumamosi jioni kwa simu, inalipika; tumeona ikilipika. Mahakimu wachache wanafanya hivyo kwa busara yao. Wengine wanafuata fomu.

Makubaliano yanayoandikwa kwa afisa wa ustawi au kwa LC yana kasoro nyingine: hayana nguvu mpaka yafikishwe mahakamani, na kuyafikisha kuna nauli na ada ambazo ni chakula cha wiki.

6. Mahakama ziko mbali na talaka ni ndefu.

Ombi linafunguliwa, mdaiwa anapelekewa hati, aliyepeleka anaapa kwamba amepeleka, kuna usuluhishi, kuna kusikilizwa, kuna amri ya awali, halafu si chini ya miezi sita ndipo amri ya mwisho. Kila hatua ina safari. Wengi huishia kwenye hati ya kwanza: mume amehama, hajulikani aliko, na tangazo la gazeti lina bei yake. Kwa Waislamu, Katiba katika kifungu cha 129 ilitaja mahakama za Kadhi kwa ndoa, talaka, urithi na ulezi tangu 1995. Bunge halijazitungia sheria. Makadhi wanaamua, na anayeshindwa anasema uamuzi huo ni ushauri tu.

Waheshimiwa, tunajua majibu yatakayokuja, maana tumekwisha kuyasikia.

Mtasema huu ni utamaduni na Serikali haiwezi kuingilia. Hatuombi mwingilie mahari. Baba apokee ng'ombe wake, wazee wanywe, nyimbo ziimbwe. Tunaomba cheti kisisubiri ng'ombe.

Mtasema Muswada wa Ndoa na Talaka wa 2009 ulizua kelele ulipofika mbele ya Bunge mwaka 2013, hasa juu ya mali ya waishio pamoja bila ndoa, na ukawekwa kando. Ni kweli. Mapendekezo ya kubadili sheria hizi yana umri wa tume ya Kalema ya 1965, na kila kizazi cha wabunge kimeyakuta mezani na kuyaacha mezani. Lakini mambo mengi tunayoyaomba hapa chini hayahitaji muswada mzima. Yanahitaji fomu, waraka na saini ya waziri.

Mtasema watu waelimishwe kwanza. Mwanamke aliyetuma 12,000,000 kutoka Riyadh anaijua hesabu yake vizuri kuliko sisi. Anachokosa ni safu ya jina lake kwenye agrimenti.

Na bajeti? Waraka wa kurasa mbili kwa wenyeviti wa LC haugharimu kama kongamano moja la hoteli.

Tunaomba basi:

(a) Waziri wa Sheria atoe maelekezo kwa wasajili wote wa magombolola kwamba ndoa ya kimila huhesabiwa imekamilika siku familia mbili zilipokubaliana mbele ya mashahidi, hata kama mahari haijaisha. Kianzishwe kipindi cha mwaka mmoja cha kuandikisha bila ada ndoa zote za zamani, na msajili afuate watu siku ya soko badala ya kuwasubiri ofisini.

(b) Hukumu ya 2015 ifupishwe kwa Kiswahili, Ateso, Dhopadhola, Lusoga, Luganda na lugha nyingine, ibandikwe kila ofisi ya LC, na ielezwe kwamba anayedai ng'ombe ili amwachie mwanamke hana haki hiyo, hata akibadilisha jina la dai.

(c) Iwekwe fomu moja ya agrimenti ya ardhi kwa ngazi ya LC1, yenye safu tatu mpya: nani ametoa pesa na kiasi gani, mwenzi wa muuzaji na namba yake ya kitambulisho, mwenzi wa mnunuzi na namba yake. Mwenyekiti anayeandika barua ya uongo ya "hana mke" awajibishwe binafsi. Mikataba ya miwa ya zaidi ya msimu mmoja isikubaliwe bila sahihi ya mwenzi, na robo ekari ya chakula iachwe bila miwa.

(d) Wanawake wanaokwenda nje, katika mafunzo yale ya kabla ya safari, wafundishwe mambo matatu tu: kuandika kusudi la pesa kwenye ujumbe wa kila muamala, kutuma pesa ya kiwanja kwa muuzaji moja kwa moja, na kumpa ndugu mmoja idhini ya maandishi ya kusaini agrimenti kwa jina la aliyeko nje. Nusu saa inatosha.

(e) Fomu ya mkopo wa muluka iseme nani analipa kaya ikivunjika.

(f) Jaji Mkuu aombwe kutoa mwongozo kwa Mahakama za Familia na Watoto ili matunzo yaweze kuamriwa kwa siku au kwa wiki, na makubaliano ya kwa afisa wa ustawi yasajiliwe mahakamani bila ada.

(g) Kwa wanaoishi pamoja bila ndoa, Bunge litunge kifungu kimoja: mchango utambuliwe kwa kanuni ileile ya 2013, ikiwamo kazi ya nyumbani. Hatuombi waitwe mume na mke. Kila mmoja aondoke na jasho lake.

Mkihitaji nakala za fomu tulizozichora kwa ajili ya (c) na (e), ziko tayari, kurasa nne kwa jumla. Tunaomba jibu la maandishi kabla shule hazijafunguliwa kwa muhula wa tatu, maana Septemba ada zinapodaiwa benchi letu la nje halitoshi watu.

Wenu katika utumishi,

Wasaidizi wa sheria na washauri wa familia,
Tororo, Busia na Busoga.